Nani Kasema Nimechelewa?

Jumamosi moja, kwenye kijiwe chetu cha waandishi chipukizi, nilisoma kurasa mbili za riwaya yangu, kisha nikaropoka kwamba nimeanza mazoezi ya triathloni. Kicheko kilichozuka pale, jamani, hakijawahi kupatikana kwa kichekesho chochote tulichoandika mwaka mzima. Ndugu mmoja, mshairi ninayemheshimu, alijifuta machozi akaniambia: "Dada, huo ni mchezo wa Wazungu walioshiba. Halafu umri huo! Wewe shuleni hata mbio za vijiti hukuwahi kukimbia. Umechelewa, rudi kwenye riwaya yako." Wenzangu wakapiga makofi.

Sikumjibu. Mdomo wangu si mwepesi kama kalamu yangu. Leo namjibu.

Kwanza, kwa asiyejua. Triathloni ni michezo mitatu inayofanywa mfululizo bila kupumzika: unaogelea, unapanda baiskeli, kisha unakimbia. Mashindano mafupi yanayojulikana sana ni mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za mbio. Yale ya Olimpiki, yaliyoingizwa Sydney mwaka 2000, ni mara mbili ya hapo. Basi. Hakuna uchawi wowote.

Sasa, eti mchezo wa Wazungu. Ni kweli, mashindano ya kwanza yaliyobeba jina hilo yalifanyika San Diego, Marekani, mwaka 1974. Ni kweli pia kwamba baiskeli za mabingwa zinauzwa bei ambayo mimi, mfanyakazi wa duka la stesheneri, sitaishika maishani. Sibishi. Lakini nenda Feri alfajiri, uwaangalie wauza samaki wanavyofunga matenga nyuma ya baiskeli na kuanza kunyonga kuelekea mitaa ya mbali kabla barafu haijayeyuka. Mwangalie mvuvi anavyojitosa kufuata wavu. Mkumbuke mtoto wa kijijini anayekwenda shule mbio ili asipitwe na namba. Michezo yote mitatu tunayo. Tofauti ni kwamba sisi tunaiita shida, wenzetu wanaiita michezo na kuivalisha medali.

Na yale mashindano makubwa ya Hawaii, yanayotisha watu kwa kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na 42 za mbio, yalizaliwa vipi? Yalizaliwa kwa ubishi! Watu walikuwa wanabishana nani ana pumzi zaidi, mkimbiaji, muogeleaji au mpanda baiskeli, mmoja wao akasema tuunganishe yote tuone. Mwaka 1978 walijitokeza watu 15 tu, wakamaliza 12. Ubishi mtupu wa kijiweni, ndugu yangu mshairi. Ila wao walipomaliza kubishana waliinuka kwenye benchi.

Hoja ya pili: umri na historia. Nina miaka 26 na kweli shuleni sikuwa mwanamichezo. Lakini tujiulize nani alinifanya nisiwe. Shuleni kwetu mbio zilikuwa adhabu. Umechelewa namba? Zunguka uwanja mara kumi. Hujafanya kazi ya nyumbani? Zunguka uwanja. Michezo yenyewe ilikuwa mali ya wachache waliochaguliwa kwenda UMISSETA. Sisi wengine kazi yetu ilikuwa kushangilia na kubeba ndoo za maji. Kwa miaka minne nilifundishwa kwamba mwili wangu ni wa kuadhibiwa au wa kukaa pembeni. Nikamaliza kidato cha nne nikiamini hivyo. Hiyo ni kasumba, na kasumba haitoki kwa kucheka.

Mnataka mifano? Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta alikuwa na miezi michache tu tangu aanze kuogelea, akifanyia mazoezi kwenye bwawa dogo la hoteli, alipoingia majini Sydney mwaka 2000. Mita 100 zilimchukua karibu dakika mbili. Dunia ilimcheka, kisha dunia hiyo hiyo ikasimama kumpigia makofi, na baadaye akawa kocha wa timu ya taifa lake. Madonna Buder, mtawa wa Kimarekani, alianza kukimbia akiwa na miaka 48. Mwaka 2012, akiwa na miaka 82, alimaliza yale mashindano marefu kabisa. Na kwa sisi wa kalamu yupo Haruki Murakami wa Japani, mwandishi wa riwaya aliyeanza kukimbia akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, akaja kuingia na kwenye triathloni. Kuna aliyemwambia arudi kwenye riwaya yake?

Sasa niseme jambo ambalo kijiweni sikulisema.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 11. Ilikuwa Sikukuu ya Idi, ufukwe umejaa watu, watoto wamevaa nguo mpya. Alizama hatua chache kutoka pale niliposimama nimeshika viatu vyake. Tulikuwa zaidi ya watu mia pale, wengi tumezaliwa jiji hili la pwani. Tulipiga kelele. Tulikimbia huku na huku. Aliyeingia majini ni mvuvi mmoja, peke yake, naye alikuwa mbali. Alipomtoa ilikuwa imeshachelewa.

Huko ndiko kuchelewa, ndugu yangu. Nilikuwa nalijua neno hilo kabla hujanirushia.

Tumelia MV Bukoba mwaka 1996, tukalia MV Spice Islander mwaka 2011, tukalia MV Nyerere mwaka 2018. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote. Meli iliyojazwa kupita kiasi ni dhambi ya waliojaza, na wao ndio wajibu. Nasema tu kwamba taifa lenye bahari na maziwa makuu, ambalo watoto wake wengi wanamaliza shule bila kujua kuelea, linacheka kitu ambacho si cha kuchekwa.

Nilijifunza kwa mzee mmoja wa ngalawa huko Kigamboni. Bwawa la hoteli moja mjini lilitaka pesa ya siku zangu mbili za kazi kwa kuingia mara moja tu. Mzee yule alitaka sharti moja: nisiingie majini peke yangu hata siku moja. Wiki tatu za kwanza nilikunywa bahari. Mama naye aligomba kuhusu baiskeli, eti inaharibu wasichana. Nikamuuliza, mbona ndoo ya maji kichwani haikuniharibu? Akanyamaza, akanishonea suruali pana.

Mwezi uliopita tulikuwa watatu. Tulichagua siku ya maji mafu ili mkondo usitusumbue, mzee akatufuata na ngalawa yake. Mita 750, kilomita 20 juu ya Phoenix iliyoruka mnyororo mara mbili, kilomita 5 kwa miguu ambayo baada ya baiskeli ilikuwa kama ya kuazima. Nilitumia saa mbili na dakika arobaini na moja. Nilikuwa wa mwisho. Hakuna aliyenipa medali. Muuza madafu alinipa dafu.

Na riwaya? Inaendelea, asante. Ila nimefuta sura nzima ambayo shujaa wangu anavuka mkondo akiwaza mapenzi. Majini huwazi mapenzi, unawaza pumzi inayofuata. Ni wangapi kati yetu tunazamisha na kuokoa watu kwenye karatasi ilhali maji hayajawahi kutupita magoti?

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Mimi nayaingia na suruali ya mama na kilemba kichwani, na bado nayaoga. Jumapili alfajiri tutakuwa Kigamboni. Ndugu mshairi, njoo. Vicheko viache kijiweni, uje na mdogo wako.