Pingu si mwisho wa hadithi

KANDO YA ZIWA
Na Akinyi Onditi

Vijana wa Rongo na Oyugis wanapenda filamu za makachero wanaomsaka muuaji wa watu wengi. Nami napenda visa vya makachero, nilianza na riwaya za Bwana Msa za Mohammed Said Abdulla. Lakini filamu hizo humalizika mshukiwa anapotiwa pingu. Kwetu Kenya, hata hapo mambo huharibika.

Masten Wanjala alikamatwa Julai 2021, na polisi wakasema amekiri kuua watoto zaidi ya 10. Oktoba akatoroka kituo cha Jogoo Road, Nairobi. Siku mbili baadaye umati ukamuua Bungoma. Wazazi wa watoto wale hawakusikilizwa kortini. Collins Jumaisi alikamatwa Julai 2024, baada ya miili ya wanawake kuopolewa kwenye timbo la Kware. Tarehe 20 Agosti akatoroka kituo cha Gigiri pamoja na Waeritrea 12, kabla hajashtakiwa kwa mauaji hayo.

Huku kwetu tunaikumbuka Kodera. Septemba 3, 2018, Sharon Otieno, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo, alitekwa nyara akiwa na mimba ya miezi saba. Mwanahabari aliyekuwa naye aliruka kutoka garini akanusurika. Kesho yake mwili wa Sharon ukapatikana msituni Kodera, Homa Bay. Aliyekuwa gavana wa Migori, Okoth Obado, na wenzake wawili walishtakiwa, wakakana. Mwili ulipatikana kwa siku moja, ila baada ya miaka sita kesi ilikuwa ingali inasikizwa.

Tena mambo huharibika hata kabla ya pingu. Nani asiyejua inavyokuwa maiti ikionekana kichakani? Anayeiona humpigia chifu. Kabla gari la polisi halijafika, kijiji kizima kimeshajaa: nyasi zimekanyagwa, bodaboda zimegeuzia papo hapo, simu ziko juu zinapiga picha. Kisha maiti inapakiwa nyuma ya gari kuelekea mochari. Alama ya kiatu, tone la damu, kitako cha sigara, vyote vimeshapotea. Kachero hodari kiasi gani atavirudisha? Silaumu wanakijiji, maana hawajawahi kuelezwa. Nawalaumu wanaolipwa kulinda mahali pale na wakachelewa.

Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo mwaka 2017, mwaka mmoja kabla ya Kodera, ili vifo vya kutatanisha vichunguzwe na wataalamu wasio chini ya polisi. Kufikia 2024 huduma hiyo ilikuwa haijaanza kazi. Miaka saba!

Wabunge wa Migori na Homa Bay, mnapokuja matangani mnaahidi familia haki. Basi kwenye bajeti ijayo daini pesa za huduma hiyo, na mtuambie waziwazi nani anaikalia. Nawe msomaji, ukikuta maiti, simama mbali, wazuie wengine, usiguse kitu.