Daftari la Mkoloni Si Hakimu wa Nasaba Yetu

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutuambia lolote kuhusu binadamu aliyeandikwa daftarini na bado akapotea. Nimeutafakari usemi huo tangu nilipoanza kumtafuta baba wa babu yangu katika majalada ya kale ya wilaya iliyokuja kuwa kaunti yetu.

Kwa mujibu wa simulizi za nyumbani, mzee huyo alichukuliwa mwaka 1917, serikali ya kikoloni ilipowasomba wanaume kwa nguvu wakawe wapagazi katika vita dhidi ya Wajerumani. Aliacha mke na mtoto mchanga, wala hakurudi. Shangazi yangu, ambaye ndiye mlinzi wa nasaba yetu, hulitaja jina lake, la baba yake na la babu yake bila kukwama.

Nilikwenda na majina hayo matatu, nikapata moja tu. Ni jina la baba yake, limeendelezwa jinsi sikio geni lilivyolisikia, likifuatwa na namba, jina la chifu na kabila la majirani zetu. Je, ndiye? Mwaka unalingana, chifu analingana, kabila halilingani.

Ni kosa kumlaumu karani pekee. Yeye hakuagizwa kuhifadhi nasaba ya mtu. Alitakiwa kujua nani anastahili ujira, nani ametoroka na chifu gani ametimiza idadi aliyodaiwa. Naye aliyeulizwa jina aliweza kutaja la utani, la baba yake, au la uongo ili akitoroka asifuatwe hadi kwao. Kipande nacho, kilichowekwa na sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutumika kwa upana baada ya vita, kilibeba jina, kabila, alama za vidole na habari za mwajiri kwa shabaha ya kumdhibiti mfanyakazi. Rekodi hizi, basi, hutueleza jinsi dola ilivyomwona mtu. Yeye alikuwa nani hasa ni swali jingine.

Uzembe huo ulikuwa na gharama. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliofariki haikuwafikia warithi wao. Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimehifadhi jina la kikosi chao, ilhali majina yao wenyewe yamepotea.

Msomaji aweza kuuliza: haya yanatuhusu nini leo? Yanatuhusu sana. Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa kaunti ya mpakani, alipoomba kitambulisho aliamriwa alete karatasi za babu yake. Wenzake wa kaunti nyingine hawakuulizwa swali hilo. Alihangaika muhula mzima bila mkopo wa masomo, akitafuta karatasi ambayo huenda haikuwahi kuandikwa.

Mwezi wa Februari 2025 Rais alitangaza kuondolewa kwa uchunguzi huo wa ziada kwa wakazi wa mipakani. Nalipongeza tamko hilo. Hata hivyo, mazoea ya ofisini hayafi kwa hotuba.

Wapo watakaosema kwamba udanganyifu upo, na kwamba serikali ina wajibu wa kuulinda uraia. Nakubaliana nao. Lakini Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 huutazama uraia wa mama au wa baba. Hakidai karatasi za babu. Dola iliyorithi madaftari yenye kasoro haina haki ya kumwadhibu mjukuu kwa kasoro hizo.

Nini kifanyike? Kwanza, orodha za majalada ya wilaya za zamani zichapishwe, zisomeke katika kila kaunti bila mtu kulazimika kusafiri hadi Nairobi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Pili, ushahidi wa wazee uchukuliwe kwa kiapo na kuandikwa wangali hai. Tatu, pale daftari na mzee wanapohitilafiana, mzigo wa kuthibitisha uwe wa Serikali.

Nilipomsomea shangazi nilichokipata, alinyamaza kitambo, kisha akauliza, “Sasa watamwandika jina lake sawasawa?” Sikuwa na jibu. Nawaachia swali hilo wenye funguo za makabati.