Mapendo: dozi ya kortizoni inapopunguzwa na mfuko, si na dokta

Katika farmasi ndogo za Mapendo, na zile za upande wa Birere, mtu anaweza kununua vidonge vitatu tu vya prednisolone, bila kuulizwa karatasi ya dokta. Si jambo jipya. Lakini tangu M23 ichukue mji mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, banki zikafunga milango na uwanja wa ndege ukasimama, pesa ya mkononi ikapotea. Kwa wengi wenye asima, baridi yabisi au lupusi, vidonge vitatu-vitatu ndiyo matibabu yenyewe sasa.

Tuelezane vizuri. Prednisolone na dexamethasone, ile watu wanaita dexa, ni ukoo mmoja na kortizoni. Mwili wenyewe unatengeneza homoni ya namna hiyo katika tezi mbili zinazokaa juu ya figo. Ukimeza dawa hii wiki tatu na kupita, tezi zinaona kazi inafanywa na mwingine, basi zinalala. Ukiacha ghafla, dawa haiko na tezi bado hazijaamka. Ndiyo sababu dokta anateremsha dozi pole pole. (Ile ya siku tano hadi saba kwa shambulio la asima, kwa kawaida unaimaliza tu.)

Shida inakuja katikati ya mteremko. Mama ametoka vidonge vinne hadi viwili, na asubuhi mikono inauma tena. Hapo kuna mambo mawili yanayofanana. Kama viungo vimevimba na viko na moto, ama kifua kinapiga filimbi, mara nyingi ni ugonjwa wenyewe unarudi. Lakini uchovu wa kumlaza mtu, kizunguzungu akisimama, kutapika, tumbo kuuma, presha kushuka: hizo ni alama za tezi zilizolala. Hii ya pili inaweza kuua haraka, zaidi sana malaria ama kolera ikiingia juu yake, sababu mwili mgonjwa unadai homoni nyingi kuliko kawaida. Na hapa kwetu tunajua kinachofuata: familia inasema ni karuho, mgonjwa anapelekwa kwa muganga wa kienyeji, masaa yanapita. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali, na muuguzi aambiwe mlangoni kabisa kwamba alikuwa anameza kortizoni.

Kuna wanaojaza pengo kwa dexa. Inajulikana sana, hata wasichana wanaimeza ili wanenepe. Lakini kidonge kwa kidonge hazilingani. Miligramu 0.75 ya dexa ni sawa na miligramu 5 ya prednisolone, na dexa inakaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo tezi zinazidi kulala. Mtu anayebadilisha kwa kukisia hajui tena kama anapanda ama anashuka.

Maumivu yakirudi, dokta mara nyingi anarudisha mgonjwa kwenye dozi ya mwisho iliyomshika vizuri, anangoja atulie, kisha anashuka kwa hatua ndogo zaidi. Si kurudi ile dozi kubwa ya siku ya kwanza, kama wengi wanavyojifanyia nyumbani.

Ugonjwa kurudi si balaa la Goma peke yake. Mwaka 1948, huko Marekani, dokta Philip Hench alimpa kortizoni mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi, na baada ya siku chache akaanza kutembea. Hench na wenzake wawili walipata tuzo ya Nobel mwaka 1950, lakini ilikuwa imeshaonekana kwamba dawa ikikatwa, maumivu yanarudi. Cha kwetu ni kwamba ngazi ya kushuka inapangwa na pesa ya siku hiyo.

Kwa hiyo, kama uwezo ni wa nusu ya dawa, mwambie dokta kabla hajaandika, si baada ya kuishiwa. Na omba ngazi yote iandikwe kwenye karatasi, siku kwa siku.

Misaada inayoingia inafikiria kwanza majeruhi, kolera na mpox, na ni haki. Lakini prednisolone iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya OMS, na si dawa ya bei kubwa. Zoni za afya za Goma na Karisimbi zinaweza kuulizwa swali moja: mgonjwa anayeanza kushuka, anapewa vidonge vya mteremko mzima siku moja, ama anaachiwa akatafute cha kesho Birere?