Diski Imejaa? Tuulize Kwanza ni Diski Gani

Katika nyumba nyingi ipo kompyuta moja ya zamani ambayo ndiyo sanduku la hazina ya familia. Humo zimo picha za harusi na za watoto, kazi za shule, nakala za vyeti na hesabu za duka la mama. Siku kompyuta hiyo inapotoa onyo kwamba nafasi ya diski imekwisha, na kulirudia kila baada ya dakika chache, wenye nyumba huingiwa na hofu. Mmoja huanza kufuta picha, mwingine hutafuta fedha za kununua diski mpya. Picha zikishafutwa, onyo hubaki pale pale.

Sababu ni kwamba si kila onyo la namna hii linahusu diski unayohifadhia vitu vyako. Mfano mashuhuri ni toleo la 1803 la Windows 10, lililotolewa na Microsoft tarehe 30 Aprili 2018. Baada ya kulipokea, baadhi ya kompyuta zilianza kuonesha diski ngeni yenye herufi kama E au F, ndogo mno, aghalabu ya MB 500 hivi, nayo ikiwa karibu kujaa.

Diski hiyo haikuwa mpya. Diski moja ya kompyuta hugawanywa katika sehemu kadhaa, na mojawapo hutengwa kuhifadhi zana za kuiponya Windows inapoharibika. Ni mfano wa stoo ndogo iliyofungwa: imejazwa tangu mwanzo, wala hakuna anayetakiwa kuingia. Kwa kawaida sehemu hiyo haipewi herufi, hivyo haionekani. Toleo lile liliipa herufi bila ya haja. Na kwa kuwa Windows hutoa onyo inapokuta sehemu yenye herufi iliyobakiwa na chini ya MB 200, kelele zikaanza, hata kama diski C ilikuwa na nafasi tele.

Basi hatua ya kwanza ni kutazama. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye nembo ya Windows na herufi E, kisha uchague This PC upande wa kushoto. Linganisha herufi iliyotajwa katika onyo na diski unazoziona. Ikiwa iliyojaa ni C, onyo ni la kweli. Ikiwa ni ile ndogo ya MB mia chache, ambayo si flashi wala diski ya nje uliyochomeka, usiifute, wala usikubali fundi aifomati. Kufanya hivyo ni kutupa dawa kabla ya ugonjwa kufika.

Tiba yake ni kuiondolea herufi tu. Andika cmd katika sehemu ya kutafutia, bonyeza jina litakalotokea kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na uchague Run as administrator. Katika dirisha jeusi andika mountvol E: /d, ukiweka herufi ya diski yako mahali pa E, kisha bonyeza Enter. Hakikisha herufi hiyo mara mbili, na kamwe isiwe C. Agizo hili halifuti faili lolote. Linafunga mlango wa stoo tu. Washa kompyuta upya, na onyo hukoma.

Iwapo C ndiyo iliyojaa kweli, anza na takataka kabla ya kumbukumbu. Andika cleanmgr mahali pale pale pa kutafutia, uchague C, na uondoe mafaili ya muda na yaliyomo katika pipa la taka. Lakini soma orodha kabla ya kukubali, kwani katika baadhi ya matoleo folda ya vitu vilivyopakuliwa imo pia, na huenda ndimo ulimohifadhi cheti cha mwanao.

Hata onyo likinyamaza, kompyuta kongwe ni kongwe. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na diski yoyote yaweza kufa bila ya kuaga. Kabla ya kugusa lolote, nakili picha na nyaraka katika diski ya nje, uiweke mahali pengine. Vijana wenye ujuzi wawafanyie wazazi wao kazi hii wiki hii. Diski hununuliwa, picha ya bibi aliyekwishatangulia haina duka.