Mwanafunzi mbele ya mgonjwa wa akili



Mtakatifu Yohane wa Mungu, msimamizi wa wagonjwa na wauguzi aliyefariki mwaka 1550, aliwahi kufungiwa hospitalini Granada, Hispania, akidhaniwa kichaa. Huko alichapwa viboko, kwani ndivyo tiba ya siku hizo ilivyoelekeza. Baadaye alianzisha hospitali yake, akawahudumia wagonjwa kwa heshima ambayo yeye alinyimwa.

Vyuo havifundishi tena viboko, lakini dharau yaweza kufundishwa kimya kimya. Wanafunzi wa uuguzi na udaktari hupelekwa kwa majuma machache katika hospitali kama Mirembe, Dodoma, au Mathari, Nairobi. Wodini hukutana na mgonjwa akiwa amezidiwa. Aliyepata nafuu na kurudi shambani au kazini hawamwoni. Wakimsikia mkufunzi akimwita mgonjwa "chizi", neno hilo hulishika kuliko kitabu. Kesho mgonjwa huyo akilalamikia maumivu ya kifua, nani atamsadiki na kumpima?

Tafiti zimeonyesha kuwa mwanafunzi akimsikiliza mtu aliyeugua akapata nafuu, woga na ubaguzi hupungua, ingawa badiliko hilo hufifia lisipoendelezwa. Basi vyuo vyetu, vikiwemo vya Kanisa, viwaalike watu hao darasani kama walimu, tena mara kwa mara. Nasi tusiwafiche ndugu zetu wagonjwa majumbani. Tutawadaije wauguzi heshima ambayo sisi wenyewe hatuitoi?

Tumsifu Yesu Kristo.