Pimeni kabla ya kugawa kadi za michango

Kamati ya harusi ikikaa, daftari hufunguliwa: ukumbi, chakula, keki, mapambo, muziki, mavazi. Ni mara chache sana daftari hilo kuwa na fungu la afya ya wanaooana. Ndugu msomaji, kama fedha ni kidogo, andika hilo kwanza, kwa sababu sehemu yake kubwa ni bure.

Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulionyesha kuwa asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani Njombe wanaishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote Tanzania. Wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Kipimo cha VVU ni bure katika vituo vya serikali, na dawa pia ni bure.

Tatizo ni muda. Wachumba wengi huja kupima wiki ya mwisho, kadi zimeshagawiwa na michango imeshaliwa. Majibu yakitofautiana, hawana nafasi ya kutafakari. Wanaogopa aibu ya kuahirisha, mmoja ananyamaza, harusi inafungwa. Pimeni miezi mitatu au zaidi kabla, kamati haijaundwa. Majibu ya VVU siyo lazima yavunje uchumba: anayetumia dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa, na mama akiwa kwenye dawa anaweza kupata mtoto asiye na maambukizi.

Ulizieni pia homa ya ini B. Chanjo yake ilianza kutolewa kwa watoto wachanga nchini mwaka 2002, hivyo waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawakuipata. Pimeni na selimundu: wote wawili wakiwa na vinasaba vyake, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuzaa mtoto mgonjwa.

Nanyi wazazi, msidai kuona karatasi ya majibu. Ni siri ya wawili hao, na sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inailinda. Kazi yenu ni kuwahimiza mapema na kuwapa nauli.

Halafu punguzeni wageni, kwani idadi yao ndiyo inayopandisha gharama zote. Kumuaga binti na harusi vyaweza kufanyika siku moja, uwanjani nyumbani, kwa nguo za kukodi. Viazi, maharage, kuku na parachichi vya hapa hapa Njombe hufanya meza nzuri. Lakini msibane maji ya kunawa, sabuni na wapishi wa kutosha. Pilau iliyopikwa usiku na kulala kwenye sufuria huharisha ukumbi mzima. Ipikwe siku hiyo hiyo na iliwe ya moto.

Msikope kwa ajili ya sherehe ya saa sita. Kinachobaki kiwe cha bima ya afya na akiba ya mimba ya kwanza. Binti anayeolewa vijiji vya Mchuchuma, kule Ludewa, siku ya uchungu atahitaji gari la kumfikisha hospitali. Hiyo nauli haichangishwi kwa kadi, na uchungu hausubiri kikao. Itengeni sasa, kabla hamjalipia keki.