ANAYEJITOLEA NAYE HULA

Ndugu Wafanyakazi,

Siku hizi kuna neno moja tamu sana midomoni mwa wakubwa. Neno lenyewe ni "kujitolea". Tukiuliza nani atasugua kutu kwenye injini za zamani za mvuke, tunaambiwa vijana watajitolea. Tukiuliza nani ataosha boila na kupaka grisi, jibu ni lile lile. Leo nataka tulipime neno hili kwa mizani, maana sisi watu wa reli ndio tunaojua uzito wa kazi yenyewe.

Sina ugomvi na injini za zamani. Nazipenda. Pale Makumbusho ya Reli, Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, imesimama injini 5918, jina lake Mount Gelai. Ni moja ya injini 34 za daraja la 59 zilizojengwa na Beyer, Peacock huko Manchester mwaka 1955 na 1956. Uzito wake ni tani 252, na katika reli zenye upana wa mita moja duniani kote haikupata kutokea injini ya mvuke iliyoishinda kwa nguvu. Injini hizo zilipandisha mizigo kutoka Mombasa mpaka Nairobi, kisha zikaondolewa kazini kati ya 1973 na 1980. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mount Gelai ilitiwa moto tena, na 3020 iitwayo Nyaturu pia. Watu walishangilia. Ni vizuri watoto wetu waone.

Lakini aliyeshangilia aliona moshi na kusikia honi tu. Mambo ya shedini hakuyaona. Injini ya mvuke haiwashwi kama taa. Moto hutiwa saa nyingi kabla ya safari, maji yapate joto polepole, kwa sababu boila ikiharakishwa chuma huumia. Boila lazima ioshwe ndani na magamba ya chumvi yatolewe. Mabomba yasafishwe masizi. Kila kiungo kipate mafuta. Mtu huingia tanurini akatoka mweusi kama chungu. Hiyo ndiyo kazi ya uani, na hatari iko huko huko. Mvuke ukikupiga, huna ngozi tena.

Wakubwa hututajia Uingereza. Ni kweli, huko Wales reli ya Talyllyn iliokolewa na watu wa kujitolea mwaka 1951, nayo ilikuwa ya kwanza duniani kuokolewa hivyo. Lakini tazameni ni nani wanaojitolea huko. Wengi ni wastaafu wenye pensheni, au watu wenye kazi zao wanaokuja siku ya mapumziko. Mtu huvaa ovaroli kwa furaha, na jioni hurudi nyumbani kwenye chakula. Huyo anatoa ziada yake. Je, kijana wa Lokichar atatoa ziada gani?

Kwetu Lokichar hakuna reli. Iliyo karibu inaishia Kitale. Mafuta yetu yalipoanza kupelekwa Mombasa mwezi Juni 2018, yalikwenda kwa malori. Reli ya kutoka Lamu tuliyotangaziwa mwaka 2012 bado ni mistari kwenye karatasi. Kwa hiyo kijana wa huku anayetaka ufundi wa reli hufunga safari mpaka Nairobi, na akifika huambiwa, "Jitolee kwanza, kazi itakuja." Mimi nilijitolea hivyo miezi minane katika karakana moja. Nauli ilikuwa yangu, chakula changu, na sabuni yangu. Mwenzangu alipoungua mkono, msimamizi alisema jina lake halimo daftarini. Je, huko ni kujitolea, au ni kibarua kisicholipwa?

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini hata huyo aliyepewa jembe hupewa na ugali.

Ndugu, tukumbuke tulikotoka. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari na wa reli wa Mombasa waligoma wakidai mshahara unaoweza kumlisha mtu. Makhan Singh, aliyeanzisha umoja wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki pamoja na Fred Kubai mwaka 1949, alikamatwa Mei 1950 akapelekwa Lokitaung, hapa hapa Turkana. Serikali ya kikoloni haikumwachia mpaka 1961. Kubai naye alifungwa Lokitaung baada ya kesi ya Kapenguria. Hao ndio waliojitolea kweli kweli! Walijitolea ili mfanyakazi alipwe. Leo neno lao lisigeuzwe kuwa kisingizio cha kutomlipa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Sheria ya fidia ya ajali kazini ya mwaka 2007 nayo inamtambua mtu mwenye mkataba wa kazi. Asiye na karatasi atashika wapi?

Basi tudai haya:

1. Mstaafu, au mwenye kazi yake, anayekuja kwa mapenzi yake, akaribishwe. Apewe ovaroli, glavu, chakula cha mchana, nauli na bima.

2. Kijana asiye na kazi aandikwe mwanafunzi wa ufundi. Apate posho, tarehe ya kumaliza, na cheti.

3. Boila isiguswe bila fundi anayelipwa kusimamia. Wazee waliopata kuendesha injini hizi walipwe wawafundishe vijana, kabla ujuzi wao haujazikwa pamoja nao.

4. Injini zilipewa majina ya milima na ya makabila. Hakuna iliyopewa jina la mfuta masizi. Majina ya watu wa shedi yaandikwe ubaoni, wageni wayasome.

Kila mjumbe wa tawi alipeleke jambo hili kwenye mkutano ujao, na asikubali kujibiwa kwa neno tamu. Aombe kuona daftari, ahesabu majina yaliyomo, kisha ahesabu watu walioko shedini.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi ndugu yenu wa reli,
Lokichar